Nyongo Iliyomuua Mama

Fundi, upo? Nimetoka hospitali sasa hivi. Nimekaa kwenye benchi la getini, nikaona nikupigie simu wewe kwanza.

Yale maumivu ya chini ya mbavu si vidonda vya tumbo. Wamenipiga picha: mawe kwenye kifuko cha nyongo. Matano!

Daktari, binti mdogo kabisa, kaniuliza nakula nini. Nikamwambia mimi mtu wa safari, nashinda na njaa, nikifika nashindilia vya kukaanga. Akacheka. "Babu, mawe haya umeyafuga mwenyewe." Kisha akauliza, "Kwenu yupo mwingine? Maana hufuata ukoo."

Nikampigia dada yangu pale pale. Akasema, "Si ni mama! Kila akila mafuta alijikunja, kashika ubavu wa kulia, mpaka macho yakawa ya manjano. Mbona nilikuandikia?"

Kweli aliandika, fundi. Barua ile unaijua, nilikusomea: "Mama ameondoka. Ni nyongo tu iliyomuua."

Nyongo! Mimi nikasoma kinyongo. Nikajua amekufa ana hasira nami kwa vile nilimtoroka. Ndiyo maana hata kaburini sijafika. Miaka thelathini na moja naogopa kaburi la mtu aliyenikasirikia.

Nyongo, fundi. Nyongo hii hii ya tumboni.

Nikamuuliza dada, "Kwa hiyo hakuwa na hasira nami?"

Akasema, "Kaka, swali lake la mwisho lilikuwa, 'Huko aliko, anakula kweli?'"