Saa ya Ordinateri Haikupotea

Bukavu, Jumanne

Mama yangu mpenzi,

Nakuandikia nikitumaini kwamba kifua sasa kinakuacha ulale, na kwamba mvua za huko Shabunda hazikubomoa jiko. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui niseme nini juu yake.

Unakumbuka nilikueleza juu ya ordinateri ya ofisini, ile mashini yenye kioo kama televisheni. Ndani yake kuna kisanduku cha chuma, diski ngumu, kinachotunza maandishi yetu yote: majina ya watoto waliochanjwa katika zone nzima. Tunaoijua mashini hiyo ni mimi na Museme, mtoto wa kaka yako. Yeye ndiye aliyenifundisha. Juzi juzi Directeur wa ofisi yetu alinichagua mimi niende Kinshasa kujifunza zaidi, na Museme alinipongeza mbele ya watu wote, akaninunulia na chupa ya sucré, ile soda tamu.

Jumamosi tulikwenda salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kufyeka majani kandokando ya barabara kama kawaida. Museme alisema mgongo unamuuma, akabaki kulinda ofisi.

Jumatatu nikawasha mashini. Kioo kikaandika kwamba diski haionekani. Nikazima, nikawasha tena, vile vile. Citoyenne mmoja, mwanamke wa kupiga chapa, akacheka: "Hata ordinateri imechoka na salongo." Nikamwendea Museme.

"Usiogope, mutoto ya shangazi," akasema. "Kaa, usiguse kitu. Niachie mimi."

Nikakaa. Kumbe alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Directeur. Nilisubiri hadi nikashindwa. Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua kifuniko, nikakaza ule mkanda wa nyaya unaounganisha diski. Nikawasha na kutega sikio: diski ilikuwa inazunguka, inavuma kama siku zote. Basi haikufa. Nikafungua ukurasa ambamo mashini inaelezwa ina vyombo gani. Mahali pa diski paliandikwa: hakuna.

Kwanza nilifikiri ni pile, betri ndogo ya ndani, imeisha, maana ikiisha mashini inasahau kila kitu. Lakini, Mama, ikiisha inasahau na saa. Saa ilikuwa sawasawa na ile ya ukutani. Ni mkono wa mtu ulioingia pale ukafuta peke yake ile namba ambayo mashini huitambulia diski, na ukurasa huo tunaujua wawili tu.

Nikairudisha namba, kwa kuwa imeandikwa juu ya kisanduku chenyewe. Maandishi yote yakatokea. Sikupata hata nafasi ya kupumua, Directeur alikuwa amesimama mlangoni, Museme nyuma yake.

"Citoyen Directeur, si nilikuambia? Tazama, amekwisha kuifungua. Huyu mutoto anapenda kugusagusa vitu. Iko hivi tangu zamani."

Nikamwita, "Kaka." Akajifanya anachunguza kifuniko.

Directeur amenipa demande d'explication, barua ya kunitaka nijieleze, nijibu kwa maandishi kabla ya kesho adhuhuri. Neno alilotumia ni sabotage, kuharibu mali ya serikali kwa makusudi, na wewe unajua siku hizi neno hilo linampeleka mtu wapi. Nikisema ni Museme, litampeleka yeye. Nikinyamaza, litanipeleka mimi.

Nimekwisha andika. Nimeeleza mambo ya mashini tu: diski ilizunguka, namba ilifutwa, saa haikupotea. Jina sikuliweka. Directeur akiniuliza kwa mdomo ni nani alibaki ofisini siku ya salongo, nitamjibu. Ninaogopa, lakini nitamjibu.

Umsalimie dada Wabiwa na watoto wake, shemeji, na yule muzee wa chapelle, kanisa letu dogo, aliyenifundisha kusoma. Mjomba naye umsalimie vizuri. Siku ya kuniaga aliuweka mkono wangu ndani ya mkono wa Museme, akasema sasa sina haja ya kuogopa mji. Usimwambie kitu bado. Akikuuliza habari za mtoto wake, sema ni mzima.

Barua zako usizipitishe tena kwa Museme. Asubuhi hii nimetoka nyumbani kwake, nilikokuwa nikikaa, na sanduku langu, ninalala kwa mwalimu wangu wa zamani, huku Kadutu. Mpe barua huyu baba anayekuletea hii, atanifikishia mkononi.

Mwanao,
Kikuni