Swali la Mzee wa Kanisa

Baba mdogo Gijsbert,

Huku mjini Groningen ni mvua tu, na baiskeli yangu imeibwa tena.

Kila mwaka ulikuja kwetu kama mzee wa kanisa, ukanywa kahawa ya mama, ukaniuliza, "Umejuaje kwamba umeokoka?" Mwaka nilipokujibu, "Na wewe umejuaje?" ulinifungia kanisa. Hata mama alipozikwa nilisimama nje.

Sasa nafundisha chuoni namna ya kupima hoja. Binti yako Aaltje anakaa mstari wa mbele darasani kwangu. Sijakusema vibaya, nimemfundisha swali lako tu. Jana kaniambia, "Dada, nataka kumuuliza baba."

Jumamosi anarudi nyumbani. Chemsha kahawa, na safari hii ujibu.

Mtoto wa kaka yako,
Hendrikje