Maandishi Chini ya Kilio

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika hapa Bweri nikiwa katikati ya kuhariri video ya harusi ya Bunda. Nimehamia kwa kinyozi mwenye sola. Chaneli yangu ya mtandaoni inasota. Ili niruhusiwe matangazo, ambayo ndiyo yanaleta hela, lazima watu watazame video zangu kwa saa nyingi, na mimi bado niko mbali. Video ya harusi haina mtazamaji zaidi ya bibi harusi mwenyewe.

Nimebaki na ya msiba wa Butiama, mazishi ya mume wa shangazi Veronika. Naipandisha leo. Shangazi analia kwa Kizanaki, kwa hiyo nimeweka maandishi ya Kiswahili chini, wageni waelewe.

Alhamisi, 6 Machi

Imelipuka. Watu wanatazama mpaka mwisho. Wanarudia pale shangazi anapoinamia jeneza na kumwambia marehemu aamke, amuulize mdogo wake, Magesa, yule ng'ombe wa kulipia matibabu alimuuza, hela akala na nani. Saa zimetimia. Nimetuma maombi, nasubiri majibu. Furaha tupu. Nimekula samaki sato mzima peke yangu.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa, simu ya Magesa. Hakufoka, na hilo ndilo limenitisha. Siku ya mazishi alikuwepo, alisikia kila neno, kisha akamshika shangazi mkono na kumwinua. Kwetu mfiwa anamwambia marehemu lolote, na linabaki pale pale. Hakuna anayemuuliza kesho yake. Nalijua hilo tangu utotoni.

"Pale nilinyamaza, ndivyo tunafanyaga," aliniambia. "Wewe umeniandika kwa Kiswahili. Binti yangu kasomewa kazini kwake, kule Nyasura. Sasa ni lazima nijibu."

Nimemwambia nitaangalia. Jibu la kijinga. Nikiifuta leo, saa zake zinaondoka nayo na maombi yanakwama.

Jumatano, 12 Machi

Bado iko.

Baba amepiga kutoka Bugwema. Sikupokea. Shangazi ni dada yake, nilijua atasema nini. Najiambia ni siku chache tu, majibu yakija naifuta. Huko chini ya video watu wasiotujua wanamwita Magesa mwizi, wengine wanamwita shangazi mchawi, na kila anayekuja kutukana ananiongezea saa. Naona aibu. Na bado nafungua simu kuangalia namba.

Jumamosi, 15 Machi

Ukoo wa marehemu umekaa kikao. Shangazi ametakiwa athibitishe au akane mbele ya watu. Amekataa yote mawili. Amesema alikuwa anaongea na mume wake, hakuwa anaongea nao. Basi wakamwambia hawawezi kukaa na mtu aliyewaanika.

Amefungasha. Baba amempokea Bugwema, yeye na godoro lake. Muhogo wake umebaki shambani kwa wakwe. Haya yote ameniambia mama. Baba hataki kuongea na mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Majibu yamekuja. Chaneli imeruhusiwa.

Nimefungua video ya msiba. Kabla shangazi hajalia, likaja tangazo la sabuni, mwanamke anacheka, povu mikononi. Nimeifuta.

Mchana nimeikuta kwenye chaneli ya mtu nisiyemjua, na maandishi yangu yakiwa chini vilevile. Nimelalamika iondolewe. Halafu nikakuta nyingine.

Jumamosi, 22 Machi

Msiba Bugwema, jirani wa baba. Nimekwenda bila kamera, hata simu niliiacha nyumbani.

Shangazi alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwomba msamaha tangu Bweri. Nikamjibu tu kwamba nimekula.

Jeneza lilipotolewa nje mjane alilisogelea, akaliwekea mikono, akafungua mdomo. Kisha akaniona. Na wengine wakageuka, mmoja mmoja, wakanitazama. Mjane akafunga mdomo. Akalia bila kusema neno, na wanawake wote wakalia hivyo hivyo pamoja naye.

Nikatoka nikaenda kukaa mbali, nyuma ya zizi, ili mjane asinione, aseme yake. Nilikaa huko mpaka wakazika. Kilio nilikisikia, neno hata moja sikusikia.