Mashine Tatu Ndani ya Moja

Jumatatu, 4 Mei 2009

Nimepuliza vumbi tena. Kila Jumatatu nafungua mashine zote tatu, napuliza kwa pampu ya baiskeli, nafunga. Ya masijala inajizima inapotaka. Ya maabara haivumilii joto. Ya duka la dawa ndiyo nzima, ila feni yake inasikika mpaka wodi ya wazazi.

Niliajiriwa hospitali hii kupiga chapa. Wakanipeleka kozi ya miezi mitatu Mtwara, nikarudi naitwa mtaalamu. Hakuna mwingine. Printa ikikwama, Mama Neema. Panya wakitafuna nyaya, Mama Neema.

Wafadhili wametuletea seva moja mpya. Moja. Mganga mfawidhi anataka kazi za mashine zote tatu ziingie humo, halafu ile nzima ya duka la dawa iende kituo chetu kidogo cha Ruangwa. Wageni wa wafadhili wanakuja tarehe 20. Nimesema sawa. Sijui kwa nini huwa nasema sawa.

Alhamisi, 7 Mei

Nimeshinda kwenye intaneti mjini nikisoma. Inawezekana. Kuna programu inayoigawa mashine moja ifanye kazi kama tatu. Kila moja ina mfumo wake na haijui kama wenzake wapo. Ni mashine pepe. Programu inayozibeba inaitwa hypervisor.

Zipo za aina mbili. Ya kwanza inakaa juu ya chuma kitupu, hakuna kitu chini yake. Imara, lakini inachagua vifaa. Ya pili unaiweka juu ya mfumo wa kawaida kama programu nyingine yoyote. Rahisi. Ila cha chini kikianguka, vyote vimeanguka.

Nimempigia Chitanda. Yeye ndiye anayeangalia kompyuta za kituo cha Ruangwa, na ndiye mtu pekee ninayezungumza naye mambo haya bila kuanza kueleza kompyuta ni nini. Kasema niweke ya chuma kitupu. "Hiyo nyingine ni ya kujifunzia, dada."

Najua.

Jumapili, 10 Mei

Sikwenda kanisani. Ya chuma kitupu imekataa. Haizioni diski za seva. Ile kadi inayosimamia diski haimo kwenye orodha yake ya vifaa inavyovifahamu. Nimejaribu mara nne. Kadi nyingine labda ipatikane Dar es Salaam, na mpaka ifike hapa wageni watakuwa wameshaondoka.

Nimeweka ile rahisi. Si kwamba ni bora. Imekubali tu.

Jumamosi, 16 Mei

Zote tatu zimeingia. Masijala, maabara, duka la dawa, ndani ya sanduku moja. Zinakwenda. Nimekaa nikazitazama kama mtu anayetazama sufuria lisiungue.

Kabla ya kugusa programu ya masijala nimechukua picha ya hali. Unaigandisha mashine pepe ilivyo dakika hiyo. Ukiharibu kitu, unairudisha pale pale. Kuanzia hapo kila badiliko linaandikwa kwenye faili la pembeni, la zamani haliguswi. Ukiridhika unaunganisha, picha unaifuta.

Mgongo unauma. Nimefurahi kidogo.

Jumatatu, 18 Mei

Mashine ya duka la dawa imeondoka kwenda Ruangwa na diski mpya kubwa. Nimemwambia Chitanda afute kila kitu cha zamani. Taarifa za wagonjwa wetu hazitakiwi kutembea barabarani.

Jumatano, 20 Mei

Wageni wamekuja, wamepiga picha, wameondoka. Mfawidhi kawaambia kuanzia leo hatutumii karatasi. Sista Hilda, mkuu wa kliniki ya wanaotumia dawa za kurefusha maisha, kaniuliza pembeni kama daftari lake alifunge kweli.

Nikamwambia alifunge. Nilikuwa na haraka ya kwenda kukaa.

Jumanne, 26 Mei

Siku ya kliniki. Foleni mpaka getini. Masijala nzito, watu wananiita kila nusu saa. Nimeizima nikaiwasha. Ikaenda.

Neema kaniuliza nyumbani kama naumwa. Siumwi. Nimechoka.

Jumatatu, 8 Juni

Saa tatu asubuhi masijala imeganda. Kisha maabara. Kisha duka la dawa. Mtu wa maabara kaja na sampuli mkononi, kasimama mlangoni kama vile mimi ndiye wa kuipima.

Diski ya seva imejaa. Kilichoijaza ni faili la pembeni la ile picha ya tarehe 16 Mei. Limekua kila siku, kwa kila mgonjwa aliyeandikishwa. Sikuunganisha. Sikufuta. Nilisahau. Hakuna neno lingine.

Nimenakili faili zote kwenye diski ya nje, lile la zamani na la pembeni. Kisha nimeirudisha masijala kwenye picha. Imewaka mara moja. Safi, nyepesi, haina hata dalili ya kuumwa. Ila kwake yeye wiki tatu zilizopita hazikuwahi kuwapo.

Mfawidhi kaja. Nikamwambia ni umeme. Umeme ulikatika kweli jana. Nikamwambia pia taarifa zimerudi. Nimepanga kwenda kwa Chitanda keshokutwa na ile diski ya nje. Mashine yake ina nafasi, tutaunganisha faili, wiki tatu zirudi kabla ya mtu kujua.

Nimemdanganya mtu ambaye hajawahi kunifokea.

Jumanne, 9 Juni

Kliniki. Sista Hilda kasema wagonjwa wapya wa mwezi huu hawaonekani. Nikamwambia aandike pembeni, nitawarudisha. Kaniangalia.

Jumatano, 10 Juni. Ruangwa

Nimekuja na pikapu ya hospitali asubuhi. Vumbi lote la njiani limo masikioni mwangu. Chitanda alikuwa ameshaandaa mashine. Ameifuta kama nilivyomwagiza, diski iko tupu.

Nikamweleza yote. Yeye wa kwanza. Hakunicheka. Kasema picha ya hali siyo nakala ya akiba, kwa upole, kama anayemwambia mtu kitu anachokijua.

Kuunganisha kumeanza saa nne. Mkewe kaleta mihogo ya kuchemsha na chai. Chitanda akazungumza habari za shamba lake la Mbwemkuru, nguruwe pori wamemaliza mahindi. Mimi naangalia mstari unavyosogea. Saa tisa mchana ukafika mwisho. Masijala imewaka, wiki tatu zimo. Nilitaka kulia kwa furaha.

Chitanda ndiye aliyeuliza. "Na waliohudumiwa jana kwa ile ya zamani?"

Nikasema wapya waliandikwa pembeni.

"Siulizi wapya. Waliokuwemo, halafu wakabadilishiwa kitu."

Sikuwa nimelifikiria. Namwandikia nani uongo humu? Sikulifikiria kabisa. Niliwaza waliopotea tu. Sikuwaza walioonekana.

Nikampigia Sista Hilda anisomee namba za wote wa jana. Tukazitafuta moja moja kwenye masijala iliyounganishwa. Kumi sawa. Ya kumi na moja, mama mmoja wa Naipingo. Tarehe 28 Mei alibadilishiwa dawa, ile ya kwanza ilimletea vipele mwili mzima. Kwenye masijala niliyoirudisha mimi, hajabadilishiwa kitu. Jana alihudumiwa na tabibu mwingine, akasoma kilichokuwa mbele yake.

Na kadi yake ya kliniki haibebi. Sista Hilda kasema wengi hawabebi, wanaogopa kuonekana nayo.

Amepewa ileile iliyomdhuru. Ya mwezi mzima. Waliobaki kwenye orodha wote sawa.

Sista Hilda kasema, "Rudi. Kesho asubuhi tunakwenda wote."

Alhamisi, 11 Juni

Naipingo. Pikapu ina jina la hospitali ubavuni. Sista Hilda kamwambia dereva atuache barabarani, mbali na nyumba. Alivua sare, akavaa kitenge. Kasema hata siku ya kumwokoa mtu huna ruhusa ya kumwanika.

Tumetembea karibu saa nzima. Watu wanakung'uta ufuta, kila uwanja una maturubai. Tukiulizwa tunasema sisi ni kina mama wa kanisani. Nilijiona mwongo kwa mara nyingine, lakini uongo huu haukunisumbua.

Tulimkuta na wifi yake wakipepeta. Mikono yote miwili imefunikwa na khanga, jua kali. Jina lake siliandiki hata humu. Wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita, naye akaolewa hapa. Alipomwona Sista Hilda alielewa mara moja. Akamtuma wifi yake maji.

Ameanza kumeza juzi usiku. Vidonge vitatu mpaka leo. Akafungua khanga. Mikono imevimba, imejaa vipele.

Sista Hilda kamuuliza kama hakuona kwamba dawa ni zile za mwanzo.

"Niliona. Nikasema labda kompyuta imejua kitu ambacho sisi hatujui."

Sista Hilda hakunitazama. Nilitamani anitazame.

Yule mama akamwambia wifi yake anakwenda mjini kwa kina mama wenzake, atalala siku mbili. Tukarudi kwa miguu, polepole. Mfuko wake nimebeba mimi. Mwepesi sana.

Ijumaa, 12 Juni

Homa. Midomo imechubuka. Daktari wa wodi kasema bado mapema kusema.

Nimekwenda kwa mfawidhi kabla hajafungua dirisha la ofisi. Nikamweleza kwa mpangilio. Picha niliyoisahau. Diski. Umeme ambao haukuhusika. "Zimerudi," nilivyosema.

Kaniuliza kitu kimoja tu. "Kwa nini ulisema ni umeme?"

"Niliogopa, daktari."

Akasema niandike yote, na jina langu liwe chini. Nimefika mlangoni akaongeza, macho yakiwa kwenye meza, kwamba yale ya kutotumia karatasi aliyasema yeye, nayo yataandikwa. Nikasema asante. Halikuwa neno lenyewe.

Nimeandika kurasa tatu.

Jumapili, 14 Juni

Homa haijashuka. Hawezi kumeza uji. Nimekaa nje ya wodi baada ya ibada. Sikuingia. Ningemwambia nini?

Jumatatu, 15 Juni

Chitanda amekuja kutoka Ruangwa na masijala iliyounganishwa. Tumeirudisha. Tangu Ijumaa kliniki inaandika daftarini, sasa mimi na Sista Hilda tunaingiza siku zilizokosekana, mstari kwa mstari, yeye anasoma na mimi naandika. Ananisomea bila chuki. Nashindwa kuizoea hiyo.

Chitanda ameahidi kadi ya diski, iko kwenye seva iliyokufa ya shule moja anayoijua Ruangwa. Aombe kwanza.

Jumatano, 17 Juni

Homa imeshuka alfajiri. Amekunywa uji nusu kikombe.

Nimeambiwa nikiwa chini ya meza nafunga nyaya. Nimebaki huko huko chini kwa muda.

Ijumaa, 19 Juni

Kadi imepatikana. Ya chuma kitupu imezitambua diski mara ya kwanza, kana kwamba haijawahi kukataa. Tumehamisha maabara na duka la dawa. Masijala tumeiacha mwisho. Kila siku jioni nakala inatoka nje ya seva. Kila Ijumaa naifungua nakala kwenye mashine nyingine nione kama inawaka kweli. Nikichukua picha ya hali, naandika ukutani tarehe ya kuifuta. Chitanda kasema ukutani ni ushamba. Nikamwambia ukuta haugandi.

Kaniuliza tena kwa nini siku ile sikumsikiliza. Nikamwambia kadi ilikataa. Kisha nikamwambia ukweli, kwamba ningeweza kumwambia mfawidhi wageni wasubiri, na sikusema.

Barua imetoka. Onyo la maandishi, na tabibu yule hana kosa. Nimetia saini. Ni haki. Nililala mchana kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Jumanne, 23 Juni

Ameruhusiwa leo. Ngozi ya mikono inabanduka, daktari kasema itarudi. Sista Hilda kamleta ofisini kwangu, kasema anataka kuniona. Nilisimama. Nikamwambia kwamba ni mimi. Kwamba haikuwa kompyuta iliyojua kitu, ni mimi niliyesahau kitu, kisha nikaficha.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe. Akauliza kama yaliyoandikwa juu yake anaweza kuyasikia. Hajui kusoma, na miaka minne yote hakuna aliyewahi kumsomea.

Nikafunga mlango. Nikavuta kiti akae upande wangu, auone mwanga wa skrini hata kama hasomi. Sista Hilda alibaki amesimama. Nikasoma polepole. Tarehe aliyoanza. Uzito wake kila mwezi. Dawa ya kwanza na kilichotokea. Dawa ya sasa. Onyo jekundu nililoliweka mwenyewe, asipewe ile tena. Akaniomba hapo nirudie. Nikarudia.

Nilipofika kwenye jina akanizuia.

"Siyo hivyo."

Akalitamka. Nikamwomba alitamke tena, taratibu, kama mama yake alivyokuwa akimwita. Tumekosea herufi moja. Miaka yote hiyo tumekuwa tukimwita jina ambalo si lake, na akawa anaitika.

Nimerekebisha. Nikamsomea tena tangu juu.

Akatikisa kichwa kukubali, akajitanda khanga yake, akatoka kwenda kutafuta usafiri wa Naipingo.