Nilimfundisha Kuniita Tantine

Mama Florentine mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wanaokusoma gazetini, na naomba msaada wako kwa sababu nimechoka kulia peke yangu, na tangu mwezi jana sipati usingizi. Mimi ni mama wa hapa Butembo, mume wangu Phinées ni fundi seremala na shemasi kanisani, tuna watoto watano, wa kwanza ndiye Jemima, kwa hiyo mtaa mzima wananiita Mama Jemima, na jina hilo ndilo linalonichoma siku hizi kila ninapoitwa.

Kazi yangu tangu ujana ni kuvuka mpaka wa Kasindi. Napeleka maharagwe na mafuta ya mawese, narudi na sabuni, chumvi na mabeseni, na kule ng'ambo, Bwera ya Uganda, nina rafiki anaitwa Maliro, mjane, Mukonzo, na wewe unajua kwamba Mukonzo na Munande kama mimi ni watu wa lugha moja ambao mpaka ulipita katikati yao, basi siku za soko nilikuwa nalala kwake kama kwa dada yangu. Miaka kumi na minne iliyopita, Jemima akiwa na miaka saba, kuvuka kulikuwa taabu tupu, leo jetoni, kibali cha siku moja, kesho karatasi nyingine, mzigo unafunguliwa mbele ya watu mpaka maharagwe yanamwagika kwenye tope, na siku moja Maliro aliponikuta ninayaokota huku nalia akaniambia: «Hapana jisumbua. Huyu mutoto tumuandike kwangu. Atasoma huku, atakuwa mutu wa huku, kesho atapata kibanda mu soko kwa jina yake, na mizigo yako itapita kwa mukono yake.»

Nilikubali. Tulienda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikatia sahihi mbele ya mashahidi kwamba Jemima ni mtoto wa Maliro na marehemu mumewe, amezaliwa palepale Bwera, kisha tukanywa soda, tukacheka, na nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe: «Ile ni karatasi tu.» Phinées nilimwambia kwamba mtoto amepata shule nzuri kwa Maliro, sikumwambia kwamba kwenye karatasi hiyo yeye ameondolewa na mahali pake amewekwa mtu aliyekufa. Hata ile kadi ya kilo, waliyokuwa wanaandika uzito wake alipokuwa mchanga, niliitia kwenye moto wa mbabula, jiko letu la makaa, maana Maliro alisema isije ikaonekana.

Wakati wa likizo nilikuwa namfuata kumleta nyumbani, na kila tulipokaribia bariyeri, kile kizuizi cha askari wa mpaka, nilimwambia: «Hapa hapana sema mama. Sema tantine, kama kwa shangazi.» Alitembea hatua ishirini nyuma yangu, mimi na beseni kichwani, yeye na kamfuko kake, na askari akiniuliza kama yule mtoto ni wangu nilijibu hapana, ni wa Maliro, halafu tukishapita kona ananishika mkono tunacheka. Mwanzoni alikuwa anakosea, anasema mama, nami namfinya sikio. Baada ya mwaka mmoja hakukosea tena.

Jemima alikua, akapata kitambulisho cha Uganda, na kwa hicho akapata kibanda sokoni Bwera, na ona bahati yangu, kitambulisho kilitoka mwaka uleule Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kanisani walitangaza, redioni walieleza, eti sasa tuko soko moja, mtu atavuka na kitambulisho cha nchi yake, mazao ya shamba letu yatapita kwa cheti kidogo cha kuonyesha yanatoka wapi. Sisemi kwamba yote yamekuwa rahisi, unajua barabara zetu na wanaouawa kwenye barabara hizo, lakini mwaka jana mimi mwenyewe nilivuka na maharagwe yangu, kwa kadi yangu na cheti changu, hakuna aliyenisumbua, na nilipofika ng'ambo niliketi juu ya gunia nikalia. Niliona kwamba uongo wote ule sasa hauna kazi. Nikamwambia Jemima: rudi nyumbani, yamekwisha.

Hayakwisha. Mwezi jana Précieux, kijana wa Butembo anayeimba kwaya kanisani kwetu, alikuja na wazazi wake kumposa, tukafurahi sana, tukaenda sote kwenye bureau ya état-civil, ofisi inayoandika vizazi na ndoa, kuuliza habari za ndoa, na pale kuna mkubwa mmoja, papa Bertrand, aliyetumwa kutoka Kisangani, mtu wa heshima, akasoma karatasi za Jemima taratibu, akazirudia, kisha akaniangalia: «Mama, huyu mutoto ni Muganda. Mama yake njo Maliro, na baba yake alikufa. Donc, basi weye uko nani kwake?» Kabla sijafungua mdomo Jemima akajibu, tena haraka, kwa sauti ileile ya bariyeri: «Ni tantine yangu.»

Mama Florentine, nilitamani ardhi inimeze. Mama yake Précieux aliangalia chini, na Phinées, ambaye ndiyo kwanza anasikia habari ya karatasi hiyo, alisimama akatoka nje bila kofia yake. Nyumbani alisema neno moja tu, «Uliuzisha mutoto,» na tangu siku hiyo anakula baada yetu na anaomba peke yake. Jemima nilimuuliza kwa nini, nikitumaini atasema ulimi uliteleza, naye akaniambia bila hasira yoyote, na heri angekasirika: «Weye njo ulinifundisha, mama. Mbele ya mutu wa bureau mi hapana jua kusema ingine.»

Sasa familia ya Précieux wameona kwamba ng'ambo karatasi zote ziko sawa, kwa hiyo ndoa itafungwa Bwera, na mbuzi wa mahari wamepelekwa kwa Maliro, pamoja na yule mmoja ambaye katika ukoo wetu hupewa mama kwa ajili ya uchungu wa kuzaa, na Maliro amempokea, kisha akanitumia ujumbe: «Yaya, dada yangu, ningefanya je? Balimuleta kwangu.» Harusi ni baada ya wiki tatu. Kadi ya mwaliko iko hapa mezani ninapoandika, na juu yake wameandika «Tantine na mume wake».

Nikienda kwenye sheria kusema ukweli, Jemima atapoteza kitambulisho, pengine yeye na Maliro watashitakiwa, kibanda cha sokoni ambacho kinalisha wadogo zake kitafungwa na harusi itavunjika. Nikinyamaza, nitaketi kwenye kiti cha tantine nikimwangalia mwanamke mwingine akimkabidhi kwa mume mtoto niliyemzaa mimi. Siku nyingine natamani mpaka ungebaki mgumu kama zamani, angalau uongo wangu ungekuwa na sababu. Nifanye nini? Mimi sioni njia.

Mama Jemima, Butembo

* * *

Mama Jemima,

Nakuita hivyo kwa makusudi, kwa sababu mtaa wako haujakuondolea jina hilo, wala mimi sitaliondoa. Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nililia pamoja nawe, mara ya pili nilikasirika, na mara ya tatu ndiyo nimechukua kalamu, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza, usiniambie mimi «karatasi tu». Wewe ni mfanyabiashara wa mpaka. Umeona malori yakikaa siku tatu Kasindi kwa kukosa muhuri mmoja, na unajua kuliko mwalimu yeyote kwamba karatasi ina nguvu kuliko gunia. Ulijua, ila shida ilikuwa imekubana, ukaamua kutojua. Shida hiyo naielewa, nami nimewahi kuokota vyangu kwenye tope lilelile.

Pili, unalalamika kwamba mtoto alikukana mbele ya watu. Rudi kwenye barua yako, soma pale askari anapokuuliza kama mtoto ni wako. Ulijibu hapana. Ulijibu hivyo likizo baada ya likizo, na mtoto wa miaka saba alikuwa nyuma yako hatua ishirini, ana masikio. Yeye amesema mara moja, mbele ya papa Bertrand, maneno uliyoyasema wewe miaka mingi. Nimetafuta katika barua nzima mahali ulipomwomba msamaha, sikupaona.

Mwache Maliro. Ni kweli angeweza kuwaambia wale watu wamlete kwako mbuzi wa mama, na kutofanya hivyo ni kosa lake. Lakini ndiye aliyeuguza malaria za mtoto wako muhula baada ya muhula, na ukianza vita ya mbuzi, Jemima ndiye atakayeumia. Mumeo ndiye wa kushughulikiwa mapema. Mwambie Phinées yote tangu mwanzo, hata ile kadi ya kilo uliyoichoma, na umwambie ukiwa umepiga magoti, kwa sababu ulimtoa kwenye uzazi wake, na mahali pake ukaweka maiti. Usimwombe aache hasira haraka. Ana haki ya kukaa nayo.

Kuhusu sheria, usikimbilie mahakamani wiki hii. Jemima ana miaka ishirini na mmoja, uamuzi huo si wako tena. Nenda kwa mchungaji, omba nakala kutoka daftari ambamo makanisa yetu huandika watoto wachanga wanapoletwa kuombewa mbele ya waumini, yenye jina la Jemima, majina yenu ninyi wawili na muhuri. Ukiwa nayo mkononi, muone avoka, yaani wakili, kimyakimya, aseme nini kinawezekana na kwa hatari gani, maana nchi yetu hairuhusu mtu kuwa raia wa hapa na wa kwingine kwa pamoja. Halafu mpe Jemima hiyo nakala pamoja na maneno ya avoka, achague mwenyewe. Anaweza kuchagua kubaki binti wa Maliro kwenye karatasi mpaka afe. Jiandae kwa hilo, sitakudanganya. Jumuiya itakuruhusu kuvuka kwenda kumsalimu, lakini haina ofisi ya kurudisha mtoto aliyeandikwa kwa mwingine.

Harusini utakwenda. Utavaa kitenge chako kizuri, utaketi pale watakapokuweka, na kama ni kiti cha tantine utakaa kwenye kiti cha tantine mpaka mwisho, bila kuzimia na bila kuimba kwa uchungu. Siku ile ni ya Jemima.

Lakini kabla ya siku hiyo kuna safari moja nakuagiza, na hii usiiache. Chagua siku isiyo ya soko. Usibebe kitu, hata beseni. Mwombe Jemima msamaha hapo nyumbani, kwa maneno yaliyo wazi, kisha mshuke wote wawili mpaka Kasindi na mtembee hadi kwenye bariyeri bega kwa bega, wala asikae nyuma hata hatua moja. Askari akiuliza huyu ni nani yako, jibu wewe wa kwanza, kwa sauti ya kawaida: ni mtoto wangu. Mama wa makamo akimwita msichana mtoto wake, hakuna askari atakayefungua faili.

Usigeuke kumtazama ili uone kama amefurahi. Mazoea uliyompa wewe hayatatoka kwa asubuhi moja, na inawezekana kabisa kwamba yeye, akiulizwa baada yako, atajibu haraka kama alivyozoea. Akisema tantine, usimfinye sikio.

Florentine