Nyota Inayosogea

Jumanne, 11 Februari

Vipindi vinne. Feni ilizima mara mbili, kuba letu la turubai, linalosimama kwa upepo wake, likatushukia vichwani, watoto wakashangilia kama vile ni sehemu ya somo. Kukunja turubai peke yangu kumenimaliza. Zamani Madam Fausta, aliyenifundisha kazi hii, alishika pembe zake na mimi zangu. Sasa yuko kwao Njombe anasubiri kujifungua, na mimi niliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi tu ndiye mwalimu wa nyota hapa Kisaka. Nitakuwa hapa wiki mbili.

Nalala kwa Shangazi Ghati, anayepika uji wa shule. Mgongo unauma.

Afadhali ndani ya kuba ni giza. Hawanioni. Nje siwezi kusoma hata tangazo mbele za watu. Mle ndani nasema bila kutetemeka.

Jumatano, 12 Februari

Darasa la sita. Wamependa sana pale ninapoharakisha usiku. Projekta inapiga kwenye kioo cha pembeni cha lori, kile kilichobinuka ambacho Madam alikinunua Sirari, na anga yote inazunguka juu ya turubai. Nyota moja tu haisogei. Nyota ya Kaskazini. Nawaambia: geukeni kaskazini, inueni macho nusu ya mbingu, itafuteni ile iliyotulia. Wananyamaza kabisa. Ndiyo dakika pekee ya siku ninayoipenda.

Mwalimu wao amewapa kazi: kila mmoja aitazame nyumbani, aichore.

Laptop haijasumbua tangu fundi wa Sirari apige window upya nami nikairudishia programu ya anga. Shukuru Mungu kwa hilo.

Jumatatu, 17 Februari

Michoro imebandikwa ukutani. Arobaini na moja. Yote inafanana: mlima, nyumba, nyota moja kubwa katikati.

Mmoja haukubandikwa. Mwenyewe, Wegesa, alikuwa anang'oa majani nyuma ya choo. Adhabu, wiki nzima. Amechora nyota mara tatu kwenye karatasi moja, juu ya paa la jiko lao, kila moja imesonga kidogo kushoto. Chini ameandika: Inasogea. Mwalimu kasema mtoto huyu hakutoka hata nje, amebuni.

Jumanne, 18 Februari

Wegesa alinifuata kwenye jenereta.

"Dada, mimi nilitoka. Nilikaa mpaka mama akaniita mara mbili."

Petroli ilikuwa imeisha, darasa la tano walikuwa mstarini wanasukumana. Nikamwambia hakutazama vizuri. Labda mwezi ulimchanganya. Akasema "sawa" akarudi kwenye majani yake.

Nimechoka. Siyo sababu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano, 19 Februari

Shangazi aliingia kwenye kuba na mwiko wake mkononi. Alichunga ng'ombe wa babu mpaka alipoolewa. Akalala chali kati ya watoto, akatazama kidogo tu.

"Wewe mtaalamu, mbona mbingu yako imeinama?"

Watoto wakacheka. Akanyoosha mwiko kwenye zile nyota tatu za mstari.

"Hizi mbona umezilaza kule pembeni? Zinapita hapa." Akajigonga utosini. Watoto wakacheka zaidi. Mimi nikacheka pia, kicheko cha uongo.

Saa mbili na nusu nikatoka uani. Nyota tatu zilikuwa juu ya kichwa changu. Juu kabisa, shingo iliniuma kuziangalia. Nikageuka kaskazini. Kulikuwa na nyota kubwa, nusu ya mbingu. Nikafurahi. Nikakaa kwenye kinu, nikailinganisha na ncha ya paa la jiko.

Ikasogea.

Mwaka mzima nafundisha nyota na sikuwahi kukaa nje kuzitazama. Jioni huwa nimechoka.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeona. Pembeni kabisa mwa picha, kwa herufi ndogo, kuna jina la mji. Huwa linaangukia kwenye mkunjo wa turubai. Siyo Tarime wala mji wowote wa huku. Ni mji wa Ulaya. Programu ikiwekwa upya inaanzia huko. Ukurasa wa kwanza wa daftari la Madam: "Kabla ya yote, hakikisha mahali." Niliuruka, nikijua naujua.

Nimeweka Kisaka. Nyota ya Kaskazini ikazama chini ya ardhi. Kwetu haionekani kabisa.

Yule mtoto alisema kweli. Arobaini na mmoja waliniamini mimi kuliko macho yao, na yeye ndiye anang'oa majani.

Nimemwandikia Madam. Jibu: "Pole. Makosa hutokea. Ulikosea mbele yao, sahihisha mbele yao."

Mbele yao.

Ijumaa, 21 Februari

Nilimwendea mwalimu wa darasa. Shikamoo, marahaba, halafu nikakwama. Nikaeleza. Akavua miwani.

"Binti, nyota moja tu. Hata mtihani wa taifa haitatoka."

Nikasema, Wegesa je? Akasema adhabu inaisha leo, mambo yamekwisha. Halafu, taratibu: "Unataka nionekane nimemuonea mtoto?"

Nilitaka kusema ndiyo.

Niliomba angalau niseme ndani ya kuba, kwenye giza. Akasema kwa darasa la sita zamu imepita. Nikaomba mstarini. Akasema mwambie mwalimu mkuu mwenyewe. Nikamwambia, akanipa Jumatatu. Sijui nilipataje sauti.

Jumapili, 23 Februari

Sikula. Shangazi kasema nisimmalizie uvumilivu.

Jumatatu, 24 Februari

Jua kali. Shule nzima mstarini, walimu kivulini. Mstari wa nyuma wakapiga kelele "Hatusikii!" nikaanza upya.

Nilisema niliwaonyesha mbingu ya mbali. Nilisema ile nyota haionekani Kisaka, na mnayoiona kaskazini inasogea. Nilisema mtu mmoja aliitazama kweli, anaitwa Wegesa, nami nilimwambia hakutazama vizuri. Nikamwomba msamaha kwa jina. Kuna waliocheka. Mmoja akaita "Mwalimu wa Ulaya!"

Wegesa alitazama viatu vyake. Mwalimu wake alitangulia darasani. Saa nne nilipopita darasani, mchoro wa arobaini na mbili ulikuwa ukutani, umebandikwa chini, karibu na mlango.

Halafu vipindi vitatu. Feni ilizima mara moja.

Jumanne, 25 Februari

Turubai limekunjwa. Wegesa alishika pembe mbili, hakuna aliyemwita. Kesho narudi kwetu Kemambo.

Jioni nimekaa kwenye kinu na karatasi. Nimechora paa la jiko, kisha nyota. Nikasubiri. Nikaichora tena. Shangazi ameniita mara mbili.

Bado ya tatu.