Moshi wa Wimbo Mmoja

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Maziwa ya ngamia yamefika kutoka Sericho, tumeuza yote. Mimi, mwanangu Warsame na bintiye Ubah. Duka moja, masikio matatu! Warsame anataka kaswida, bila ngoma. Ubah anataka kelele zao za vijana mpaka bati linatetemeka. Mimi nina kaseti yangu ya kaban, gitaa letu la Kisomali, nyuzi za kizamani. Ndiyo nafukizia mitungi ya maziwa, yanukie na yasiharibike njiani. Wimbo ukianza naweka mtungi juu ya moshi, ukiisha natoa. Saa sijui kusoma. Hata hizi herufi Ubah ndiye amenifundisha, hapa dukani, tumekalia gunia la sukari.

Jumanne, 4 Novemba

Redio imemeza kaseti! Utepe wote nje, kama matumbo ya mbuzi. Nimelia kidogo. Ubah akasema, Ayeeyo, bibi yangu, tulia, huo wimbo uko kwa simu, kesho nakuwekea kwa spika.

Jumatano, 5 Novemba

Wimbo umetoka pole pole, kama mtu anayetembea ndani ya maji. Ubah anasema ndio mtindo, vijana wanaupunguza mwendo — ikiwa slow ndio inabamba, Ayeeyo. Sauti ya mwimbaji imekuwa nzito, kama ya marehemu mume wangu akiamka. Moshi ukapanda, nami nikapanda nao. Nikaona kwetu Merti, mto umejaa, mimi msichana, miguu majini. Mtungi baada ya mtungi. Hakuna aliyeniita. Raha!

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa. Maziwa yote machungu. Keziah wa hoteli ameyarudisha — Mama Warsame, leo umetuuzia jivu? Wateja wa Nairobi wamempigia Warsame simu kumtukana. Ni mimi. Wimbo ulirefuka, moshi ukakaa mno. Nimemwambia hivyo hivyo. Hakusikia, lawama zote kwa Ubah na spika yake. Ameng'oa spika, akaifungia stoo. Akasema, hakuna muziki tena hapa, hata kaswida! Ubah naye, basi naenda Nairobi kwa shangazi Sirad, nibaki huko. Warsame akamjibu, nenda! Wajinga wawili, wote damu yangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Duka kimya. Nasikia nzi. Nimefukiza kwa kukisia. Ubah anakunja nguo. Nimemwambia ukienda nitakuchapa, ukibaki nitakuchapa. Amecheka, kisha akalia begani kwangu. Nywele zake zinanukia moshi. Sikumwambia baki. Mdomo huu unaosema kila kitu!

Jumamosi, 8 Novemba

Lori ya Sericho imetangulia basi ya Nairobi. Ubah yuko mlangoni, begi mgongoni. Warsame anashusha mitungi peke yake, mgongo unamuuma. Mara nasikia sauti. Naangalia huku na huku — ni Warsame! Anaimba ule wimbo wa kuita ngamia kisimani, wa babake. Kwa sauti ya fisi, wallahi. Na maneno amesahau.

Ubah anamwambia baba yake, Aabo, hapo umeruka mstari.

Basi imba wewe!

Ubah ameanza, chini chini, kama anamwimbia mtoto. Nani alimfundisha? Mimi sikumfundisha. Warsame hamwangalii, anashika mtungi mwingine, mzito. Basi imefika, inapiga honi. Kondakta anaita, Nairobi, Nairobi! Ubah hajashusha begi. Lakini ameshika mtungi upande wa pili, na wimbo bado haujaisha —